Tope la Kisima Namba Kumi na Saba

Kipimatope kilisema thelathini na moja, kama kilivyosema dakika tano zilizopita, na dakika tano kabla ya hizo.

Mwavita Pazi aliandika namba hiyo kwa penseli. Wino una metali ndani yake, na yeye hakuruhusiwa kubeba kitu chenye metali kisichohitajika. Aliendelea kuchuchumaa kando ya pete ya zege iliyozunguka mdomo wa kisima, mkono mmoja juu ya mpira mwembamba ulioshuka gizani. Pampu ilivuta bilauri moja ya maji kwa dakika, si zaidi. Ukivuta kwa haraka unalitibua tope, na metali hupenda kujishikiza kwenye tope. Chupa yenye tope haikuambii habari za maji. Inakuambia habari za tope.

Saa tatu zilikuwa zimepita. Kwa kawaida kisima hiki kilitulia ndani ya saa moja.

Juu yake ulining'inia Mfuniko, bamba la chuma lenye unene wa shubiri moja, likiwa wima kwenye bawaba zake. Kila upande ulikuwa na pipa la utomvu mweupe. Hatua kumi kutoka hapo, nyuma ya mstari wa chokaa ambao mkazi hakuruhusiwa kuuvuka wakati sampuli inachukuliwa, Kwandu Nkwabi alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akichambua dengu.

"Mtani," Kwandu aliita. "Hayo maji unayachota au unayabembeleza?"

"Nayasubiri."

"Wazaramo kwa kusubiri hamjambo. Mnakaa chini ya mnazi mnasubiri nazi ikomae, ianguke, na ijikune yenyewe."

"Na nyie Wasukuma mlichimba dhahabu mpaka mkaanza kunywa mnachochimba."

Kwandu alicheka mpaka dengu zikamwagika kwenye ungo. "Hiyo imeuma. Hiyo nitaipeleka kwa wifi yangu akaione dunia."

Mwavita hakucheka, lakini aliiweka akilini, kama alivyoweka vitu vyote vilivyosemwa kisima namba kumi na saba. Njia yake ilikuwa na visima arobaini na kimoja, kilomita elfu moja na mia tatu, siku sitini na nane za kuendesha gari peke yake kisha kuanza upya. Kati ya visima hivyo, tisa tu ndivyo vilivyobaki na watu. Vingine vilibaki kwa wapita njia na mifugo tu. Katika hivyo tisa, watu walimwita "mchukuaji" na kuwavuta watoto wao pembeni. Kwandu peke yake ndiye aliyeuliza ukoo wake, siku ya kwanza kabisa, na baada ya kusikia jina la Pazi akapiga makofi na kusema kumbe ameletewa mtani.

Thelathini na moja.

Kanuni ilisema tope liwe chini ya kumi. Ikishindikana kwa saa tatu, mchukuaji achukue sampuli, aandike alichokiona, na aamue mwenyewe kama inafaa. Mwavita alibadilisha glavu, akajaza chupa moja bila kuigusisha mdomo wa mpira, akadondosha tindikali ili metali zisigande kwenye kuta za plastiki, akafunga. Chupa ya pili akaijaza maji safi aliyokuja nayo, kwa utaratibu uleule, ili ajue kama uchafu wowote unatoka mikononi mwake. Kisha akaziingiza zote mbili kwenye mashine ya kusomea, nyuma ya gari.

Dakika arobaini baadaye chupa ya maji safi ilisoma sifuri. Chupa ya kisima ilisoma arseniki mikrogramu ishirini na tatu kwa lita.

Mpaka ulikuwa kumi.

Alisoma mara ya pili. Ishirini na tatu na nusu.

Duru iliyopita kisima hiki kilisoma sita. Kabla ya hapo, sita. Maji ya ndani ya mwamba hayarukiruki hivyo katika siku sitini na nane. Mwavita alirudi kisimani, akatazama alichopaswa kukitazama tangu alipofika. Kamba ya kutekea, iliyokuwa imezungushwa kwenye nguzo, ilikuwa mbichi kwa urefu wake wote.

"Bi Kwandu. Umeteka maji leo?"

"Nimeteka, ndiyo. Nimeona vumbi la gari lako kule kwenye mwinuko, nikashusha ndoo mbili chapuchapu." Alionyesha mtungi uliofunikwa kwa kitambaa, mlangoni pa nyumba yake. "Mgeni hapewi maji ya jana. Nijuavyo mimi wewe hunywi, najua sheria zenu, lakini siwezi kukupokea na mtungi mkavu. Mama yangu angefufuka anichape."

"Kila ninapokuja unafanya hivyo?"

"Miaka tisa, mtani. Kwani kuna ubaya?"

Mwavita alipiga hesabu ya jambo hilo bila hasira. Miaka tisa iliyopita kisima kilikuwa na mita tatu za maji, na ndoo ilielea juu bila kugusa chochote. Alishusha kipimo cha kina. Kilitoka na alama ya unyevu kwenye sentimita hamsini na nne; maji machache kiasi hicho hayatulii tena ndani ya saa moja.

"Umetibua tope," alisema. "Sampuli hii haifai. Naifuta. Ichukue kamba hiyo ukaifungie ndani, na mtu yeyote asiteke mpaka kesho asubuhi."

Kwandu aliacha kuchambua. "Kwani imesomaje?"

"Imesoma tope."

*

Setilaiti iliyofikisha namba kwenye Mifuniko ilipita mara moja kwa siku, saa tisa na dakika kumi alasiri. Mwavita alimwita Shija, karani wa zamu huko makao makuu, kwenye redio.

"Kumi na saba haitumwi leo. Nimefuta sampuli. Kisima kilitibuliwa kabla sijafika."

"Sawa, dada Mwavita. Ilisoma ngapi?"

"Iliyofutwa haina namba."

"Nauliza tu mimi, siandiki."

"Ukiuliza bila kuandika, ni umbeya."

Shija alicheka peke yake upande wa pili. Alikuwa kijana mwenye adabu, na Mwavita alikuwa hajawahi kuiona sura yake. "Kesho basi. Ikipita kesho bila namba, Mfuniko unahesabu kisima kimetelekezwa na unajifunga wenyewe. Unajua."

Alijua. Hapo mwanzo visima vilikuwa na vipimo vilivyoachwa ndani ya maji, vikituma namba vyenyewe. Ndani ya miezi minane vipimo viliota magamba, na kwa miezi ishirini na sita viliendelea kutuma neno "salama" huku watu wa mabonde mawili wakizikana. Ndipo sheria ikamweka mtu kati ya maji na chuma. Mfuniko hauamini waya. Unaamini namba moja, na sauti ya mchukuaji mwenye leseni akiapa. Namba ikizidi kumi, chuma kinashuka, mapipa yanamimina utomvu, na baada ya saa nne kisima ni jiwe. Haufunguki. Ulibuniwa usifunguke, kwa sababu mifuniko ya kwanza ilifunguliwa na watu wenye kiu.

Na mchukuaji mwenyewe aliwekewa masharti. Asivae pete wala bangili. Asipake mafuta ya jua, kwa kuwa yana zinki. Asile wala asinywe penye kisima. Asimguse mkazi kwa mkono mtupu, wala kisima, wala chombo. Pete ya Mwavita ilikuwa kwenye droo mjini Tabora. Mwenye pete ya pili aliondoka mwaka wa tatu wa kazi hii, akaacha barua ya mistari minne ambayo Mwavita aliisoma mara kadhaa na hakuona kosa ndani yake.

*

Asubuhi maji yalikuwa yametulia kama alivyotarajia. Pampu ilivuta kwa dakika hamsini. Tope lilishuka kutoka tisa hadi sita, kisha nne, likabaki nne. Joto la maji halikubadilika, wala uchumvi. Hivyo ndivyo kisima kinavyotakiwa kuzungumza, kwa sauti moja, bila kujirudi. Alijaza chupa.

Arseniki, sita nukta moja. Akarudia. Sita nukta tatu.

"Ni sita," alimwambia Kwandu. "Kisima ni kizima."

Kwandu alipiga vigelegele. Milango ya kaya zote kumi na moja ilifunguka, wanawake wakaja na ndoo, maana tangu jana mchana walikuwa wakibana matumizi. Mzee mmoja aliyeshika dumu la njano alisema kwa sauti kwamba mchukuaji wa watu amezaliwa na mama, si kiwandani kama alivyodhani. Wakacheka. Kwandu akaleta kamba, akapiga magoti kwenye zege, akashusha ndoo ya kwanza.

Mwavita alikuwa akikunja mpira wa pampu. Alisikia ndoo ikigusa maji. Kisha, baada ya muda mfupi mno, alisikia mgongano wa pili, mzito, kama mtu anayekanyaga udongo.

Alisimama.

Kwandu alitikisa kamba kulia na kushoto, kwa ustadi wa mazoea, mpaka ndoo ikalala na kujaa. Akavuta. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyotiwa majani machache. Mwanamke aliyefuata alitandika kipande cha kanga juu ya dumu, akamimina, akakaza kitambaa, akaondoka.

"Bi Kwandu, ndoo huwa inagusa chini kila mara?"

"Siku hizi ndiyo. Maji ni mafupi, ndoo haipinduki mpaka ikae kwenye tope kwanza. Tangu mwaka juzi." Alimtazama. "Tunachuja, mtani. Sisi si nguruwe."

Kanga huzuia majani na wadudu. Punje za tope zinazobeba arseniki ni ndogo mara mia kuliko tundu la kanga. Mwavita alivaa glavu mpya. Alisuuza ndoo tupu kwa maji yake safi na kuyapima yale ya kusuuzia, ili asije akailaumu ndoo bure: sifuri nukta mbili. Kisha akamwomba mwanamke mmoja arudishe dumu lake, akajaza chupa kutoka humo, baada ya kanga, kama yangemfikia mnywaji.

Dakika arobaini alizitumia akiwa amesimama nyuma ya gari. Hakukaa.

Ishirini na saba.

*

Namba zote mbili zilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomsumbua kwanza, kwa sababu katika miaka tisa hakuwahi kupata namba mbili sahihi kutoka kisima kimoja. Mwamba ulitoa maji ya sita. Ndoo ilitoa maji ya ishirini na saba. Fomu ilikuwa na nafasi ya namba moja.

Alimweleza Kwandu yote, chini ya kivuli cha gari, kwa maneno yaleyale ambayo angeyaandika.

Kwandu alisikiliza mpaka mwisho. "Sheria inauliza maji ya wapi?"

"Inasema maji ya kisima."

"Na hayo ya asubuhi umeyatoa wapi? Mtoni?"

"Kisimani."

"Basi tuma ya asubuhi. Hujadanganya. Mtani, ukifunga, tunashushiwa maji ya tangi, na malori ya kutuhamisha yanakuja ndani ya siku sita. Yanatupeleka kule kambi ya mabomba. Kaya moja mtaa wa kwanza, nyingine mtaa wa tisa, wanavyopanga wao kwa kompyuta yao. Wifi yangu haoni vizuri. Nani atamwelekeza njia ya choo? Hapa tuko hamsini na watatu, tunajuana mpaka kikohozi."

"Tunaweza kufunga fundo kwenye kamba," Mwavita alisema. Alikuwa amelifikiria hilo kwa dakika arobaini. "Ndoo isifike chini. Mteke kwa kopo dogo, polepole, mara mbili kwa siku."

"Kopo. Watu hamsini na watatu."

"Ndiyo."

"Na maji yanapungua kila mwaka."

"Kwa kasi ya sasa, sentimita ishirini."

Kwandu alitazama kamba. Mtu mwingine angeahidi. "Tutafanya mwezi mmoja," alisema hatimaye. "Halafu mtu atakuwa na haraka, atafungua fundo. Na mimi mwenyewe, nikiona vumbi lako kule mwinuko, nitafungua. Sikudanganyi. Mikono yangu itafungua kabla kichwa hakijakumbuka."

Aliinua viganja vyake kama anayevionyesha ushahidi. Mwavita alikuwa ameviona mara nyingi kutoka upande wa pili wa mstari wa chokaa. Vilikuwa na vidoa vyeusi na vinundu, na alikuwa ameandika kichwani mwake, bila kuombwa na mtu, kwamba ni sugu za kamba.

"Vinundu hivyo umevipata lini?"

"Mwaka jana. Kamba hiyo."

"Kamba ni ya nailoni laini. Kwenye nyayo unavyo?"

Kwandu aliinama. Alivua ndara moja, akageuza mguu.

Nyayo hazishiki kamba.

Mwavita alivua glavu ya mkono wa kulia. Ilikuwa kinyume cha kanuni, na sampuli zilikuwa zimekwisha kufungwa, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Alishika kiganja cha Kwandu. Vinundu vilikuwa vigumu, vidogo, vingi, kama punje za mtama zilizoshonwa chini ya ngozi. Mtu aliyevigusa mara moja tu angejua. Alikuwa amefika hapa mara kumi na moja tangu mwaka juzi, akiwa na vifaa bora kuliko vyote nchini, akapima kwa usahihi maji ambayo hakuna mtu aliyeyanywa.

"Wengine wanavyo?"

"Wifi. Mzee Ngollo. Watoto wawili watatu wanawashwa viganja." Sauti ya Kwandu ilikuwa imeshuka. "Tulidhani ni ukavu."

"Si ukavu. Ni arseniki."

"Kwa hiyo ukituma sita..."

"Nitarudi baada ya siku sitini na nane, nitapata sita tena. Na tena. Mpaka ndoo itoke tupu. Nyie hamnywi mwamba, Bi Kwandu."

Kwandu aliuondoa mkono wake taratibu, akavaa ndara. Aliangalia nyumba, moja baada ya nyingine, kama anayezihesabu, ingawa alijua zilikuwa ngapi.

"Ungekuwa Msukuma," alisema, "ningekutukana."

"Nitukane tu."

"Nitakutukana nini, mtu huna hata pete."

*

Saa tisa kasorobo alimwita Shija.

"Kumi na saba. Arseniki ishirini na saba. Mahali pa kuchukulia: chombo cha mnywaji."

Redio ilikwaruza. "Chombo? Dada, hicho kipengele hakuna mtu amewahi kukijaza."

"Kipo kwenye fomu."

"Kipo, ndiyo. Sasa kisimani umepata ngapi?"

"Sita. Nimeiandika kwenye maelezo, pamoja na kina cha maji na picha za viganja vya watu watano. Wataalamu wakitaka kubishana nami, wanajua nilipo."

"Watasema umekiuka utaratibu. Watasema maji ya kisima ni masafi na wewe umekifunga."

"Watakuwa sahihi."

Mwavita alimsikia Shija akipekua karatasi. "Soma kiapo," alisema.

Akasoma. *Mimi, Mwavita Pazi, mchukuaji, naapa kwamba namba hii ni ya maji ya kisima namba kumi na saba.* Alitumia sauti yake ya kawaida. Saa tisa na dakika kumi taa ya Mfuniko ilibadilika kutoka kijani kuwa nyekundu, na king'ora kikaanza. Dakika kumi, kisha chuma kingeshuka.

Watu walikuwa wametoka. Mzee Ngollo alilishika dumu lake la njano kifuani. Kwandu peke yake ndiye aliyetembea kuelekea kisimani, akauvuka mstari wa chokaa, akapiga magoti kwenye zege pale alipopigia magoti asubuhi. Akashusha ndoo. Ikagusa maji, ikagusa tope. Akatikisa kulia, kushoto, akavuta. Kisha akasogea nyuma, na Mfuniko ukashuka juu ya bawaba zake polepole, na kutoka ndani wakasikia utomvu ukianza kumiminika, mlio mzito usio wa maji.

Kwandu alileta ndoo mpaka kwenye gari na kuiweka chini.

"Hunywi, najua," alisema. "Sasa hata mimi sinywi. Lakini umefika jana, na mpaka leo sijakupa maji."

Arseniki haipenyi ngozi kwa kunawa mara moja. Hilo Mwavita alilijua, na aliliangalia kwanza upande huu na upande ule kabla ya kuvua glavu ya pili. Akanyoosha mikono. Kwandu alichota kwa kata, akamimina polepole, mara tatu, kama anavyonawishwa mgeni aliyetoka mbali. Maji yalikuwa ya baridi. Tope lilibaki kwenye mistari ya viganja vyake, jekundu na laini, na hakulifuta.

Alipofika kwenye mwinuko alisimamisha gari, akaangalia nyuma. Vumbi lake mwenyewe lilikuwa limeficha nyumba. Kwenye skrini ya gari, mashine ilikuwa imekwisha kupanga njia upya: visima arobaini, vinane vyenye watu, kilomita themanini na nane zimepungua. Chini yake iliuliza kama anakubali.

Penseli iliandika kina cha mwisho, saa na tarehe. Kisha Mwavita akabonyeza ndiyo, na kioo kikabaki na alama ya kidole, ya tope.